Pistole ikiwa ndogo, masomo ni marefu

Bandugu, katika mazungumuzo ya vijana wenye kumaliza masomo, miaka hii neno moja linarudia kila siku: usalama. Mutu amepata kazi kwenye proje, anarudi nyumbani usiku, mtaa wake wezi wanapita. Anaanza kusema: "Kama ningekuwa na kapistole kadogo katika sakoshi, ningelala vizuri." Nimesikia hiyo kwa wanafunzi, kwa watu wenye lisansi, hata kwa watu wa korale. Wanaongea sawa vile hako kachuma kenyewe njo kanalinda mutu.

Leo sitawajibu kwa mahubiri. Nataka historia iwajibu. Kuko watu ambao, katika miaka mia moja na zaidi, walijifunza kweli kufikisha risasi penyewe na silaha ya mukononi. Tuangalie walijifunza namna gani na kazi hiyo iliwaomba nini. Kisha kila mutu apime mwenyewe.

Tuanzie Ubelgiji, kwa sababu hiyo njia inafika mpaka kwetu. Karibu na Liège kuko muji unaitwa Herstal. Mwaka 1889 watengenezaji wa silaha wa pale waliunga nguvu, wakafungua Fabrique Nationale, ile watu wanajua kwa herufi mbili tu: FN. Kazi ya kwanza ilikuwa kutengeneza bunduki 150 000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Hiyo kazi ilipoisha, kiwanda kikatafuta kitu kipya cha kufanya. Mwaka 1897 mutu wa FN alisafiri Marekani, akakutana na John Moses Browning, fundi wa Ogden katika jimbo la Utah, mutoto wa fundi wa bunduki. Browning alikuwa na mupango wa pistole yenye kujipakia yenyewe: risasi moja ikitoka, nguvu yake inasukuma chuma nyuma, ganda linaruka inje, risasi nyingine inapanda fasi yake. Anayepiga anabaki tu kuvuta tena kidole.

Mwaka 1900 jeshi la Ubelgiji likakubali hiyo pistole. Mwaka 1906 FN ikatoa nyingine ndogo kabisa: urefu wake unapita kidogo sentimetre 11, mutatu wa kutolea risasi sentimetre 5 na kitu, uzito haufiki gramu 400. Inaingia katika mufuko wa koti, hakuna mwenye kuona. Mwaka 1910 ikaja ingine, kubwa kidogo, lakini nyororo pande zote ili isikwame katika nguo wakati wa kuitoa. Zilienea mpaka katika Kifaransa jina la Browning likawa jina la pistole yoyote.

Muone vizuri ni nini ilibadilika hapo. Kiwanda kilitatua shida ya kuficha, na shida ya kupiga haraka. Shida ya kupiga penyewe, hapana. Hiyo ilibaki kwa mwenye kununua.

Miaka ine kisha, dunia nzima ikalipa bei. Tarehe 28 Juni 1914, katika muji wa Sarajevo, kijana wa miaka 19, Gavrilo Princip, mwanafunzi, alikuwa na FN ya 1910 mwilini. Yeye na wenzake walikuwa wamejifunza kupiga katika pori la bustani ya Košutnjak, pale Belgrade, na kati yao yeye njo alihesabiwa kuwa mupigaji muzuri. Asubuhi mwenzake Nedeljko Čabrinović alitupa bomu, likakosa gari ya Franz Ferdinand, murithi wa ufalme wa Austria na Hungaria. Baadaye dereva akapotea njia, gari ikasimama mbele ya Princip, hatua mbili hivi. Akapiga mara mbili. Risasi moja iliingia katika shingo ya Franz Ferdinand. Ya pili iliingia tumboni mwa bibi yake, Sophie. Wote wawili wakafa, wakaacha watoto watatu.

Mbele ya mahakama Princip alisema hakutaka kumuua Sophie. Risasi hiyo ya pili ilikuwa ya gavana Oskar Potiorek, ambaye alikuwa katika gari hiyo hiyo. Tusimame hapa kidogo, bandugu. Sizungumuzii kama sababu zake zilikuwa nzuri ao mbaya. Nazungumuzia mukono. Mupigaji muzuri wa kikundi, hatua mbili, gari imesimama, na risasi moja katika mbili ikaenda kwa mutu ambaye hakutafutwa. Moto uliowashwa siku hiyo ulifika mpaka kwetu: mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walichukua kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, na mwezi wa Septemba 1916 askari wa Force Publique wakaingia Tabora, nyuma yao maelfu na maelfu ya wapagazi, wababu zetu, ambao wengi hawakurudi.

Sasa, kwa nini pistole ndogo ni nguvu hivi kuiongoza? Mimi ni mutu wa agronomia, lakini hesabu hii hata sisi tuliifanya katika masomo ya topografia, wakati wa kupima mashamba. Kwa kulenga unalinganisha alama mbili: kameno ka mbele na kapengo ka nyuma. Alama zikiwa karibu karibu, kosa dogo linakuwa kubwa kule mbali. Chukua pistole ndogo ambayo alama zake ziko mbali sentimetre 10. Kameno ka mbele kakitoka fasi yake milimetre 1 tu, kwa metre 10 risasi inapotea sentimetre 10. Kwa pistole kubwa yenye sentimetre 16 kati ya alama, kosa lile lile linatoa sentimetre 6 na kidogo. Kwa bunduki ndefu yenye sentimetre 50, ni sentimetre 2. Milimetre 1! Mutu aliyekimbia, ao mwenye woga, mukono wake unatetemeka zaidi ya hapo.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kidole. Tuchukue mufano wa sasa: Glock 19 ilitoka mwaka 1988, na wengi wanaihesabu kuwa mufano wa pistole ya kadiri, si kubwa si ya mufukoni. Bila risasi inapima kati ya gramu 600 na 700. Lakini kwa kuvuta gashete yake, kidole kinaombwa nguvu ya kilo 2 na nusu hivi. Kidole kinavuta kwa nguvu karibu mara nne ya uzito wa silaha yenyewe. Kikivuta pembeni kidogo tu, silaha yote inafuata. Ya tatu ni fasi ya kushikia: pistole ikiwa fupi sana, kidole cha mwisho kinabaki hewani, hakina pa kukamata, na silaha inaruka zaidi ikipiga. Ya ine ni woga wa mwili. Mwili unajua kishindo kinakuja, unajitayarisha mbele ya wakati: macho yanafunga, mukono unasukuma chini, na risasi inaingia katika udongo. Hata mutu shujaa, mwili wake unafanya vile. Kwa kuuzuia kuko dawa moja tu: kurudilia, kurudilia, kurudilia.

Waliogundua hiyo kwa bei ya damu ni polisi wa Shanghai, kule China, katika sehemu ya muji iliyokuwa chini ya wageni. William Ewart Fairbairn, Mwingereza, aliingia katika polisi hiyo mwaka 1907. Wakati huo masomo ya pistole kila fasi yalikuwa karibu namna moja: simama upande upande, nyoosha mukono mumoja, vuta pumzi, chukua muda wako, piga karatasi yenye duara. Wengi walipata poa nzuri kwenye karatasi. Lakini kazi ya Shanghai ilikuwa usiku, katika ngazi na vichochoro, umbali wa metre kidogo, na yote inaisha kwa sekunde. Askari aliyepata poa za juu kwenye karatasi angeweza kukosa mutu aliye mbele ya pua yake.

Fairbairn na rafiki yake Eric Anthony Sykes wakageuza masomo. Wakajenga nyumba ya kujifunzia, yenye giza, ngazi na makelele, ambamo shabaha zinatokea bila kukuambia. Wakafundisha silaha ipande mbele ya macho na mukono ulioshika kwa nguvu, kwa umbali mufupi, bila kutafuta kapengo na kameno. Tena hawakuacha askari atembee na risasi tayari ndani ya mutatu. Na kwa polisi Wachina wenye mikono midogo walitoa Colt ndogo kuliko ile ya wengine. Hiyo inanifurahisha kama mutu wa shamba: unachagua jembe kwa mukono wa mwenye kulima, haiko mukono kwa jembe. Mwaka 1942 wakatoa kitabu, na ndani yake wakahesabu mapambano 666 ya silaha kati ya polisi yao na wahalifu kwa miaka 12 na nusu. Hawakuandika kutoka biro.

Lakini njia yao ilikuwa na mupaka: ukitoka kwa metre chache, mukono peke yake hautoshi, jicho lazima lisaidie. Jibu la hiyo lilitokea Marekani, katika milima ya California, fasi inaitwa Big Bear. Kuanzia mwaka 1956, Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Marines, alikuwa anapanga mashindano ya pistole pale. Mwanzoni wengi walipiga haraka kutoka kiunoni kwa mukono mumoja, kama katika sinema. Walikuwa haraka kweli, na walikosa kweli. Kati ya washindani kulikuwa polisi wa Los Angeles, Jack Weaver. Yeye akapandisha pistole mpaka mbele ya jicho, akaishika kwa mikono miwili, wa kuume unasukuma mbele, wa kushoto unavuta nyuma, na silaha inatulia kati ya hizo nguvu mbili. Wengine walifikiri atachelewa. Akawashinda. Kidogo kidogo wote wakamuiga, Cooper wa kwanza.

Leo tunaona mutu anashika pistole kwa mikono miwili, tunafikiri ilikuwa vile tangu mwanzo. Hapana. Kutoka FN ya 1900 mpaka Weaver, ilipita zaidi ya miaka 50. Viwanda vilitengeneza pistole mamilioni kabla watu hawajakubaliana namna nzuri ya kuishika. Chuma kilitangulia, akili ikafuata polepole.

Mwaka 1976 Cooper alifungua shule katika Arizona. Ukiacha mambo ya kulenga, alichoachia dunia ni kanuni ine ambazo leo waalimu wa silaha wa nchi mingi wanaanza nazo. Nazieleza kwa maneno yangu. Moja, chukua kila silaha kuwa ina risasi. Mbili, usiielekeze kamwe kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Tatu, kidole kikae inje ya gashete mpaka umekwisha kulenga. Ine, ujue shabaha yako, na ujue nini iko nyuma yake. Muziangalie vizuri: hakuna hata moja inayozungumuzia kupiga haraka. Zote ine zinazungumuzia kujizuia. Hiyo ya ine nitairudia.

Kuko mutu mumoja tena siwezi kumuacha, kwa sababu yeye anaonyesha usahihi unakaa wapi. Károly Takács alikuwa askari wa Hungaria, alizaliwa Budapest mwaka 1910, mupigaji hodari wa pistole. Mwaka 1936 hakupelekwa kwenye Olimpiki, kwa sababu alikuwa sajini na nafasi zilikuwa za maofisa tu. Mwaka 1938 grenade mbovu ililipuka katika mukono wake wa kuume, ule wa kupigia. Mukono ukaharibika kabisa. Akakaa hospitali mwezi muzima. Alipotoka hakumuambia mutu. Akaanza kujifunza upya kwa mukono wa kushoto, peke yake, kwa siri. Mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya taifa. Wenzake wakafikiri amekuja kuwatazama. Akashinda.

Kisha vita ikafuta Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Akangoja. Mwaka 1948, kule London, akiwa na miaka 38, alishindana katika pistole ya kupiga haraka kwa metre 25. Inasimuliwa kwamba bingwa wa dunia, Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimuuliza amekuja kufanya nini, naye akajibu amekuja kujifunza. Takács akachukua medali ya zahabu na poa 580, rekodi ya dunia. Díaz akamuambia kwamba sasa amejifunza vya kutosha. Mwaka 1952, kule Helsinki, akachukua zahabu tena.

Kama usahihi ungekaa katika silaha, Takács angeweza kununua ingine. Kama ungekaa katika kipaji cha mukono, ungepotea na mukono wake wa kuume. Ulikuwa katika kazi ya kila siku: jicho juu ya kameno ka mbele, kidole kinavuta polepole bila kushitua, mwili unazoea kutoogopa. Wapigaji wakubwa wanafanya sehemu kubwa ya hiyo kazi bila risasi hata moja: silaha tupu, imehakikishwa mara mbili, inaelekezwa fasi isiyo na hatari, na kidole kinajifunza kuvuta bila kusogeza kameno. Ni kazi ya kuchosha. Hakuna mwenye kukupigia makofi.

Sasa turudi kwetu. Yule kijana wa sakoshi anawaza kununua usalama. Historia inamuambia kwamba anachonunua ni deni: deni la saa na saa za kujifunza, mwaka kwa mwaka, na mwalimu, na fasi ya kupigia, na risasi za kulipa. Wangapi kati yetu watalipa hilo deni? Mutu ataiweka chini ya mutoshi, ataisahau, na siku mwizi anapiga mulango saa nane za usiku, atakuwa na giza, woga, usingizi, na kachuma kadogo ambako hata Princip aliyejifunza hakukaongoza vizuri kwa hatua mbili. Sitaji hata watoto wanaocheza chini ya kitanda. Tena sheria yetu ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi inaomba ruhusa kabla ya kuwa na silaha. Wengi wanaoongea habari ya kapistole hawaifikiri hiyo ruhusa kabisa.

Na hapa njo narudia kanuni ya ine: ujue nini iko nyuma ya shabaha. Jeff Cooper aliifundisha katika jangwa la Arizona, fasi ambapo nyuma ya shabaha kuna kilima cha udongo. Goma, nyuma ya mwizi kuko ukuta wa mbao wa jirani. Bukavu, kwenye muteremuko, kuko paa la nyumba ya chini. Risasi ikikosa haipotei hewani, inatafuta fasi ya kusimama. Wengi wetu tunajua jina la mutu aliyepata risasi ya kupotea akiwa kitandani, ao mama aliyekuwa anapika. Tunasema "risasi ya kupotea" sawa vile ilijipoteza yenyewe. Kila moja ilitoka katika mukono wa mutu, na mara mingi mukono huo haukufundishwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wenye masomo ni mbili. La kwanza, tuache kusifu chuma. Mutu akituonyesha kapistole kake, tusimuulize bei wala modeli. Tumuulize: ulijifunza kwa nani, na mara ya mwisho ulijizoesha lini? La pili ni kubwa zaidi. Kuko watu wanaobeba silaha kwa jina letu: polisi wa barabarani, walinzi wa benki, walinzi wa proje ambazo sisi wenyewe tunafanya kazi ndani. Wengi kati yetu kesho watakuwa wakubwa wa biro, wenye kutia sahihi kwenye mikataba ya ulinzi na kwenye bajeti. Siku hiyo karatasi itakuwa na mustari wa silaha na mustari wa nguo za walinzi. Tuangalie kama iko pia na mustari wa mafunzo, wa kila mwezi, haiko mara moja tu siku ya kuanza kazi. Usipokuwako, tusitie sahihi. Jirani wa nyuma ya ukuta wa mbao hatajua jina letu, lakini atalala.